Fungu Lako ni Lipi?

(Maneno tuliyowaambia wakamuaji wa alizeti, wafuga nyuki na wakulima wa vitunguu waliokusanyika Kinampanda, wilaya ya Iramba. Twayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Hatukuja hapa kuwafundisha kukamua alizeti. Kazi hiyo mwaijua, na wengine miongoni mwenu mwaijua kuliko sisi. Sisi tuliosimama mbele yenu ni wakamuaji wenzenu, watu wa mashine moja, wenye madeni kama ninyi. Tumekuja kwa sababu tulikosea, na kosa letu limekwisha kula misimu miwili ya jasho letu. Twaona afadhali lisemwe hadharani kuliko kila mmoja wenu alirudie peke yake kwa siri.

Kosa lenyewe si kubwa kwa kulitazama. Ni mstari mmoja wa maneno yasiyozidi saba, tulioujaza wenyewe katika ombi la kuandikisha alama yetu.

Mnajua wote jinsi mafuta yetu yanavyouzwa. Yanatiwa katika madumu, yanapelekwa njia kuu ya Misigiri, na mwenye lori anayetoka Mwanza au anayekwenda Dar es Salaam hununua, akaondoka. Dumu halina jina. Mafuta yakiwa mazuri, sifa inakwenda kwa aliyeyatia katika chupa huko mbele. Yakiwa mabaya, lawama inarudi kwetu: "Ah, mafuta ya Singida siku hizi!" Basi tukakaa, tukasema, nasi tutie mafuta yetu katika chupa, tuyape jina na picha. Jina hilo hatulitaji hapa, msije mkadhani tumekuja kufanya tangazo.

Tulifanya vizuri mpaka hapo. Tukapeleka ombi kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ambako siku hizi maombi hupelekwa kwa mtandao. Ukifungua ombi la alama ya biashara unaulizwa mambo machache: wewe ni nani, alama yako ni ipi, kisha unaulizwa swali ambalo watu wengi hulipita haraka kama mtu anayeruka kijito: alama hii ni ya bidhaa gani au huduma gani, na ni za fungu lipi?

Tukatazamana. Sisi ni nani? Sisi ni wakulima. Tunalima nini? Alizeti. Tukaandika: "Mbegu za alizeti na mashudu." Fungu la 31.

Cheti kilitoka. Tulikitia katika fremu ya kioo tukakitundika juu ya mlango wa mashine, na wageni walipokuja tuliwaonyesha. Msimu wa pili, kijana wetu mmoja aliyesafiri akaturudishia chupa kutoka mji wa mbali. Jina letu, ua letu, hata rangi ya kifuniko. Mafuta yasiyo yetu. Tukakishusha cheti pamoja na fremu yake, tukampelekea mwanasheria. Yeye hakutazama picha wala muhuri. Alisoma ule mstari mmoja, akavua miwani, akasema, "Ndugu zangu, ninyi jina hili mnalimiliki juu ya mashudu."

Cheka, Mzee, hata sisi twacheka sasa. Siku ile hatukucheka.

Alitueleza kwamba bado tuna la kusema. Sheria yazuia alama kuandikishwa si kwa bidhaa ileile tu, bali pia kwa bidhaa zilizo na uhusiano wa karibu, na mtu anaweza kudai kuwa mbegu na mafuta yake ni mama na mtoto. Tena yupo anayeweza kwenda mahakamani hata bila cheti, akithibitisha kuwa wanunuzi wamekwisha kulizoea jina lake na mwingine anawadanganya. Lakini yote hayo ni kuthibitisha, na kuthibitisha ni mashahidi, nauli, na stakabadhi ambazo sisi tulizifungia karanga. Kama tungeandika "mafuta ya kula", tungeonyesha mstari ule, na mazungumzo yangekuwa mafupi.

Basi tuyaeleze mafungu haya ni nini, kwani neno "fungu" kwetu ni la sokoni. Mama akiketi sokoni hupanga vitunguu mafungu mafungu, na kila fungu lina bei yake. Mafungu ya alama za biashara yamepangwa kwa namna nyingine. Mataifa yalikutana katika mji wa Nice, Ufaransa, tarehe 15 Juni 1957, yakapatana kuvigawa vitu vyote vinavyouzwa duniani, na kazi zote zinazofanywa kwa malipo, katika orodha moja yenye namba. Mwaka huo sisi Tanganyika tulikuwa bado chini ya utawala wa Mwingereza, na hakuna mkulima wa Iramba aliyeulizwa vitunguu vyake viwekwe wapi. Lakini orodha hiyo ndiyo inayotumika, na Tanzania nayo imo. Hata mwisho wa mwaka 2001 mafungu yalikuwa 42. Tangu 2002 yamekuwa 45. Fungu la 1 mpaka la 34 ni bidhaa. La 35 mpaka la 45 ni huduma. Orodha hupitiwa upya mara kwa mara, vitu vingine huhamishwa, kwa hiyo mtu asitegemee karatasi kuukuu ya jirani.

Sasa tumfuate ndugu yetu alizeti, tuone anavyotembea humo, maana anatembea kuliko mtu yeyote hapa. Akiwa mbegu mbichi ghalani, yuko fungu la 31, pamoja na nafaka zisizosagwa, mboga mbichi, wanyama walio hai na chakula cha mifugo. Akipita katika mashine akatoka mafuta ya kula, amehamia la 29, anakaa na nyama, maziwa na mayai. Yale mashudu yaliyobaki yanarudi la 31, kwa kuwa ni chakula cha mifugo. Akina mama wakichukua mafuta wakapika sabuni, sabuni ni la 3. Wakitengeneza mafuta ya kujipaka ngozi, ni la 3 pia. Na ninyi mnaowakamulia watu wengine alizeti yao kwa ujira, ambao mafuta si yenu bali kazi ndiyo yenu, ninyi mnauza huduma: kuchakata mali ya mtu mwingine ni fungu la 40. Mwenye lori la kubeba madumu yuko la 39. Mwenye duka anayetaka alama ya duka lake, na si ya mafuta, yuko la 35.

Mmeona? Ua moja, mafungu sita, na mtu mmoja hapa Kinampanda anaweza kuwa na miguu katika matatu.

Tena kuna jambo la lugha yetu wenyewe. Kiswahili ni lugha karimu, na neno "mafuta" ni karimu kupita kiasi. Mafuta ya kula, mafuta ya taa, mafuta ya gari, mafuta ya kujipaka, mafuta ya kuchua mgonjwa: yote ni mafuta, na mtu akitumwa dukani huelewa kwa kuona chupa aliyopewa. Karatasi haina chupa. Ya kula ni la 29, ya taa na ya gari ni la 4, ya kujipaka ni la 3, ya kutibu ni la 5. Ukiandika "mafuta" tupu, umemwachia mwingine akumalizie sentensi.

Mama mmoja mfuga nyuki alituuliza jana jioni, kabla ya mkutano huu: asali na nta si hutoka mzinga mmoja? Ndiyo, Mama, hutoka mzinga mmoja, lakini sokoni hazilali nyumba moja. Asali ni fungu la 30, pamoja na unga, chai, kahawa, sukari na chumvi. Nta ni la 4, na mishumaa ni la 4 vilevile. Ukiivundika asali ikawa pombe, umeingia la 33. Na ukiandika kwenye kibandiko kwamba asali yako yatibu kifua na vidonda, hapo unataka kuiita dawa, unaelekea la 5, na wakubwa wa dawa nao watakuja na maswali yao. Ushauri wetu, Mama: asali iite asali.

Wa vitunguu, mambo yenu ni mepesi zaidi. Kitunguu kibichi ni la 31. Kikikaushwa au kusindikwa ili kikae, ni la 29. Kuku wa kienyeji akiwa anatembea ni la 31, akichinjwa ni la 29, na yai lake ni la 29. Mtama ghalani ni la 31, ukisagwa unga ni la 30. Mikeka ni la 27. Hatutayamaliza yote, orodha ipo, na aliye na shaka aulize kabla ya kupeleka ombi, si baada.

Mwasema, haya yote ni makaratasi ya ofisini, yanatuhusu nini? Tuwape mfano wa mbali kidogo. Ninyi nyote mwajua maneno "hakuna matata". Hayana mwenyewe, ni maneno ya kila kinywa cha pwani. Kampuni ya Disney ya Marekani ilipotoa sinema yake ya The Lion King mwaka 1994, ilipeleka ombi mwaka huohuo ili maneno hayo yawe alama yake, na mwaka 2003 yakaandikishwa huko. Habari ilipoenea mwaka 2018, makumi ya maelfu ya watu walitia saini kupinga, wakiona ni uporaji wa lugha. Hasira yao twaielewa, nasi tunayo. Lakini tazameni ule mstari wa bidhaa. Umeandikwa fulana. Haukuandikwa vinywa vya Waswahili, wala nyimbo, wala salamu. Mtu wa Marekani anayetaka kuuza fulana yenye maneno hayo ndiye aliyefungiwa mlango. Bibi yetu wa Tanga asemaye "hakuna matata" hajakatazwa na mtu. Ukitaka kujua alama imezungushiwa ua wapi, usisome jina peke yake. Soma mstari.

Na kikoi je? Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao iandikishiwe neno "kikoy", ambalo ni jina la nguo yenyewe tangu enzi za mababu. Wakenya waliona kwamba wafumaji na wauzaji wao wangezuiwa kuita nguo yao kwa jina lake katika soko la Uingereza. Wakapinga, wakapata msaada wa watetezi wa biashara ya haki na wanasheria huko huko, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Kama wangelala, muda wa kupinga ungepita.

Tena kanga, akina mama, ina mafungu mawili. Kanga ikiwa doti, kitambaa cha kukata na kujitanda, ni fungu la 24 la vitambaa. Ikishonwa gauni ni la 25 la mavazi. Pale Mombasa nyumba ya Kaderdina Hajee Essak iliandika "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na kizazi kwa kizazi mama zetu wameitafuta alama hiyo kabla ya kuuliza bei. Hiyo ndiyo kazi ya alama: mnunuzi asiyejua kusoma lebo ndefu aitambue mali ya mtu fulani kwa jicho moja.

Sasa jinsi ya kuandika mstari wenyewe. Hapa ndipo tuna maneno mengi, kwa kuwa hapa ndipo tulipoumia.

Kuna anayeandika kidogo kama sisi. Kuna mwingine huandika kidogo kwa njia ya ujanja: "mafuta ya alizeti katika chupa za lita moja." Kesho akitoa dumu la lita tano atasema nini? Ukubwa wa chupa si bidhaa. Mwingine aandika "mafuta ya alizeti", naye ana mpango wa kukamua ufuta na karanga mwakani. Afadhali aandike "mafuta ya kula", maana ombi likishapokelewa unaweza kupunguza bidhaa, lakini kuongeza huwezi. Kuongeza ni ombi jipya, ada mpya, na tarehe mpya. Na tarehe ndiyo foleni yenyewe.

Kuna na mlafi. Huyu aandika "bidhaa zote za kilimo na kadhalika." Ndugu zetu, "na kadhalika" iacheni katika hotuba. Katika ombi haina fungu. "Bidhaa za kilimo" ni nini? Jembe ni la 8, trekta ni la 7 au la 12 kwa jinsi lilivyo, mbolea ni la 1, dawa ya kuua wadudu ni la 5, mahindi mabichi ni la 31. Maneno mapana hivyo yatarudishwa uyafafanue, na siku zinakwenda. Tena hapa Bara kila fungu lina ombi lake na ada yake. Mlafi hulipa mara kumi kwa mambo ambayo hatayafanya kamwe, na alama isiyotumika kwa miaka yaweza kuombewa ifutwe. Jiulize: nini ninauza leo, na nini nitauza kwa kweli katika miaka michache ijayo? Hivyo viandike. Vingine viache.

Tena msidhani namba ndiyo ukuta. Namba ni rafu ya kabati la ofisi. Katika fungu la 9 utakuta kompyuta pamoja na kizima moto, na hakuna mtu atakayevichanganya. Bia iko la 32, na mvinyo uko la 33, lakini hukaa baa moja. Msajili na mahakama hutazama vitu vyenyewe: vinatumika na nani, vinauzwa wapi, mnunuzi atadhani vimetoka kwa mtu mmoja? Kwa hiyo maneno yako yana uzito kuliko namba yako. Namba sahihi na maneno mabovu ni nyumba yenye mlango mzuri isiyo na paa.

Jambo lingine ni jina. Huwezi kuliita jina lako "Alizeti" juu ya mafuta ya alizeti ukataka liwe lako peke yako, wala "Singida" tupu, maana wote tunalima alizeti na wote tu watu wa Singida. Jina linaloeleza tu kitu chenyewe au mahali kilipotoka ni la wote. Hapa mstari wa bidhaa unafanya kazi tena: jina "Twiga" halielezi mafuta, bali juu ya twiga wa kuchonga laeleza kitu chenyewe.

Msichanganye vyeti vitatu. Cheti cha jina la biashara chasema wewe ni nani. Alama ya TBS yasema bidhaa imetimiza viwango. Cheti cha alama ya biashara na huduma, kwa sheria ya mwaka 1986, ndicho chasema hakuna mwingine wa kutumia alama hii juu ya bidhaa hizi. Tulikuwa na viwili vya kwanza, tukadhani ukuta umekamilika.

Na ukuta huo mwisho wake ni Bara. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, na ukitaka kuuza Unguja utaomba huko. Kenya kadhalika. Kwa nchi zilizomo katika Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, waweza kupeleka ombi moja kupitia ARIPO, Harare, ukataja nchi unazotaka. Umri wa alama hapa kwetu ni miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Andikeni tarehe ukutani. Mali bila daftari, wahenga walikwisha sema mwisho wake.

Turudi kwa habari yetu, maana mwataka kujua yaliyompata yule wa chupa. Mwanasheria alipopekua jarida la alama za biashara aliona kwamba mtu huyo ameomba fungu la 29 kwa jina lilelile, na ombi limekwisha kutangazwa. Sheria hutoa siku 60 tangu kutangazwa kwa mwenye pingamizi. Zilikuwa zimebaki 11. Tuliuza mbuzi, tukakopa, tukaandika pingamizi, tukatafuta wenye malori walionunua kwetu tangu mwanzo waje kuwa mashahidi. Watatu walikubali. Shauri bado liko mezani, kwa hiyo hatutasema zaidi, wala hatutamtaja mtu.

Siku ileile tulipeleka na ombi letu jipya. Safari hii tulikaa usiku kucha juu ya mstari mmoja. Mwenzetu mmoja alitaka tuongeze siagi na samli. Tukamwuliza ng'ombe wake yuko wapi. Mwingine alitaka tuandike "mafuta safi". Tukasema usafi ni kazi ya kichujio. Mwisho tulipatana hivi, nasi twawasomea kama ulivyo: "Fungu la 29: mafuta ya kula yatokanayo na mimea." Na katika ombi la pili, mbali, kwa ada yake: "Fungu la 40: kukamua mafuta ya mbegu kwa niaba ya watu wengine." Lile la mashudu tumeliacha liendelee.

Bwana Mwenyekiti, meza ile pale tumeweka karatasi na kalamu. Aliye na chupa, mfuko au kibandiko chake ailete mbele, na kabla ya kutuonyesha jina atuandikie kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, anauza nini. Tuanze na Mama wa asali.